Majina Kwanza: Kisa cha Nyaraka za Shule ya Sanaa ya Makerere

Mtu anayetaka kuandika habari za wachoraji na wachongaji waliosomea Kampala, katika shule ya sanaa ya Makerere, tangu mwaka 1937 hakosi kazi za kutazama. Jumba la sanaa la Makerere linazo, mnara wa uhuru wa Uganda umesimama katikati ya jiji ukiwa umechongwa na mmoja wao, na makumbusho ya New York na Frankfurt yanahifadhi michoro yao. Anachokosa ni kitu cha awali zaidi: mahali pamoja panapomwambia nani alisoma pale, aliingia mwaka gani, alifundishwa na nani, alitoka na cheti gani, na baada ya hapo alikwenda kufanya kazi wapi. Sehemu kubwa ya majibu hayo ipo, lakini imegawanyika vipande vipande katika miji na nchi zisizo na mawasiliano ya kudumu kuhusu jambo hili, na kila kipande kinamtaja msanii yule yule kwa namna yake.

Kisa hiki kinastahili uzito kwa sababu shule hiyo haikuwa ya Kampala peke yake. Kwa miongo kadhaa kijana wa Machame, wa Meru au wa Masaka aliyetaka kusomea uchoraji katika ngazi ya juu bila kutoka Afrika Mashariki alielekea Makerere, na baadhi ya waliorudi kwao ndio waliokuja kuongoza masomo ya sanaa Nairobi na Dar es Salaam. Gregory Maloba, Mkenya, aliongoza idara ya usanifu wa kisanii katika chuo kikuu cha Nairobi. Sam Ntiro na Elias Jengo walifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo pengo lililomo katika nyaraka za Makerere ni pengo katika historia ya sanaa ya nchi tatu, na hakuna nchi moja kati ya hizo inayoweza kuliziba ikiwa peke yake. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kazi ya kuokoa kumbukumbu hizi ianzie kwenye majina ya watu, kabla ya picha na kabla ya majengo, na kwamba sababu ya kusema hivyo inaonekana mtu akifuatilia jinsi nyaraka zenyewe zilivyozaliwa na jinsi zilivyotawanyika.

Masomo yaliyosemwa kwa mdomo

Margaret Trowell, aliyezaliwa mwaka 1904, alisoma uchoraji katika shule ya Slade, London, na baadaye akajifunza ualimu chini ya Marion Richardson, mwalimu mashuhuri wa Uingereza ambaye hakuwapa watoto picha za kunakili. Richardson aliwasimulia jambo, nao wakafumba macho, wakaliona akilini, kisha wakachora walichokiona. Trowell alifika Kenya mwaka 1929 pamoja na mumewe, Hugh Trowell, aliyekuwa daktari, na katika miaka ya 1930 wakahamia Kampala, ambako daktari huyo alifanya kazi katika Hospitali ya Mulago. Mwaka 1937 mkewe alianza kufundisha uchoraji nyumbani kwao, barazani. Muda si mrefu masomo hayo yakaingizwa Makerere, na mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zikaonyeshwa London katika Imperial Institute.

Msomaji wa nyaraka ana sababu ya kukaa kwa muda katika hatua hiyo. Mwalimu anayefundisha kwa kusimulia haachi mtaala mnene, wala daftari la mazoezi, wala mfululizo wa mitihani iliyoandikwa. Trowell alimweleza mwanafunzi habari ya soko, ya harusi au ya kisa cha Biblia, mwanafunzi akachora, somo likaisha. Ushahidi pekee wa kilichotokea darasani siku hiyo ni picha yenyewe. Picha ya mwanafunzi wa miaka ya 1940 ni kazi ya sanaa na wakati huo huo ni hati ya ufundishaji, na ndiyo hati pekee. Ikiuzwa katika maonyesho au ikitolewa zawadi kwa mgeni bila kuandikwa popote, chuo kinakuwa kimepoteza picha na kumbukumbu ya somo kwa pamoja. Kasoro hiyo huwezi kumtwisha mtu yeyote wa wakati ule. Ilitokana na mbinu ya kufundisha ambayo kwa upande mwingine ilizaa matunda mema, kwa kuwa iliwapa wanafunzi ruhusa ya kuchora maisha yaliyowazunguka badala ya kunakili vitabu vya Ulaya.

Jambo la pili lililochanganya karatasi za miaka hiyo ni kwamba Trowell alivaa kofia mbili. Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908 na ambayo kwa muda mrefu yalikuwa kwenye ngome ya kilima cha Old Kampala, yalihamishiwa Makerere katika miaka ya 1940 yakawa chini ya uangalizi wake, mpaka yalipopata jengo lao katika kilima cha Kitante mwaka 1954. Kwa zaidi ya mwongo mmoja mtu mmoja, au watu wa ofisi moja, walikuwa wakiandika barua za shule na barua za makumbusho, wakipokea ngoma na vibuyu vya kuhifadhi pamoja na karatasi na rangi za wanafunzi. Hata baadhi ya watu waliohusika walikuwa wale wale: Charles Sekintu, aliyesoma sanaa Makerere, alikuja kuwa Mganda wa kwanza kuwa mtunzaji wa makumbusho hayo. Mtafiti anayekwenda Makerere kutafuta habari za shule ya sanaa na asipite Kitante ameacha nusu ya njia, na hilo halimo katika mwongozo wowote wa ofisi. Analijua tu yule aliyesoma historia ya taasisi zote mbili.

Trowell alistaafu mwaka 1958. Cecil Todd, aliyetoka Afrika Kusini, akashika uongozi, akabadili mwelekeo: wanafunzi wakasoma historia ya sanaa ya dunia, nadharia ya rangi, na mbinu za kisasa za Ulaya ambazo mtangulizi wake aliziweka mbali nao kwa makusudi. Wanahistoria wamebishana sana ni yupi kati yao aliyewasaidia zaidi wasanii wa Kiafrika. Kwa upande wa nyaraka tofauti yao ni ya aina nyingine. Somo la nadharia na historia hudai maandishi, nayo maandishi hubaki. Chini ya Todd shule ilijijengea pia desturi ya kuweka kazi za wanafunzi, na mwishoni mwa miaka ya 1960 jumba la sanaa la chuo likafunguliwa. Matokeo yake ni kwamba miaka ya 1960 inaonekana vizuri kuliko miaka ya 1940, na mtu asiye mwangalifu anaweza kudhani kwamba shule ilianza kuwa na maana pale ilipoanza kuweka kumbukumbu.

Wanafunzi wawili

Tuwafuate watu wawili waliopita katika shule ile ile, ndipo tatizo lionekane kwa sura ya binadamu.

Sam Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma Makerere katikati ya miaka ya 1940, akabaki pale kufundisha, akaenda Slade mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Tanganyika ilipopata uhuru akawa Balozi wake wa kwanza London, tangu 1961 hadi 1964. Alichora maisha ya Wachaga: wavuna kahawa, mifereji, migomba, watu wakijenga nyumba kwa pamoja. Mwaka 1960 jumba la Museum of Modern Art la New York lilinunua mchoro wake wa mwaka 1956 unaoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, na hivyo akawa miongoni mwa wachoraji wa kwanza wa Kiafrika wa wakati huo kuingia katika mkusanyiko ule. Alifariki mwaka 1993. Mkewe, Sarah Nyendwoha Ntiro wa Uganda, aliyehitimu Oxford mwaka 1954 na kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu, ana historia yake kamili katika elimu ya Uganda, kiasi kwamba nyaraka za nyumba moja zinahusu mataifa mawili.

Fuata sasa mahali ambapo Ntiro ameandikwa. Yumo katika rejista ya wanafunzi ya Makerere, na tena katika orodha ya walimu. Yumo katika kumbukumbu za Slade. Yumo katika nyaraka za kidiplomasia za Tanzania na za Uingereza. Yumo katika katalogi ya jumba la New York, na katika karatasi za Harmon Foundation, taasisi ya Marekani iliyowatangaza wasanii wa Afrika na ambayo mwaka 1966 ilitoa kitabu cha orodha ya wasanii wa bara zima. Mahali pengine ni Sam Ntiro, pengine S. J. Ntiro, pengine Sam Joseph Ntiro. Mtu wa hadhi yake hawezi kupotea, kwa sababu kila kipande kina uzito wa kutosha kumrudisha msomaji kwenye kingine. Hata hivyo kazi zake za Uingereza zilifika mahali pasipotarajiwa. Mwandishi Naomi Mitchison, aliyesafiri mara nyingi Afrika, alinunua michoro ya wasanii wa Afrika Mashariki na Kusini kwa ajili ya Argyll Collection, mkusanyiko ulioanzishwa magharibi mwa Uskoti mwaka 1960 ili watoto wa shule waishi na sanaa halisi. Ilipofika mwaka 2021, watafiti waliandaa maonyesho huko Dunoon yaliyofuatilia safari za michoro hiyo kutoka Dar es Salaam na kwingineko, na sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kurudisha majina na maelezo ya wasanii ambayo rekodi za shule za Uskoti hazikuwa nayo kwa ukamilifu.

Mwanafunzi wa pili ni Rosemary Karuga, aliyezaliwa Kenya mwaka 1928. Aliingia Makerere mwaka 1950 na kumaliza 1952, akiwa mwanamke wa kwanza kusoma katika shule ile ya sanaa. Kisha akarudi Kenya, akawa mwalimu wa shule, na kwa zaidi ya miongo mitatu historia ya sanaa haimtaji. Katika miaka ya 1980, baada ya kustaafu ualimu, alirudi kwenye kazi yake na kufika Paa ya Paa, kituo cha sanaa cha Nairobi, akaanza kutengeneza kolaji kwa karatasi alizozipata kwa urahisi, zikiwamo pakiti za unga na za sabuni, akizikata vipande vidogo na kuvibandika mpaka vitoe umbo la mnyama au la mama kazini. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa katika Studio Museum ya Harlem, New York, pamoja na wasanii wakubwa wa bara hili. Alifariki mwaka 2021.

Miaka thelathini ya kimya katika maisha ya Karuga ndiyo inayofundisha zaidi kuliko jambo lolote katika kisa hiki. Katika miaka hiyo aliishi maisha ambayo mhitimu wa kawaida wa shule ya sanaa aliishi: alifundisha. Nyaraka zinazomhusu mwalimu hazikai katika jumba la sanaa. Zinakaa katika mafaili ya tume ya ajira ya walimu, katika vitabu vya kumbukumbu vya shule alizopita, katika ripoti za wakaguzi, na vichwani mwa watu aliowafundisha kushika brashi wakiwa na miaka kumi. Tukiandika historia ya Makerere kwa kuwafuata waliofika New York peke yao, tutakuwa tumeandika historia ya maonyesho tukaiita historia ya elimu. Kama si kurudi kwake kwenye kolaji katika umri ambao wengi huweka zana chini, Karuga angebaki mstari mmoja katika rejista ya mwaka 1950, na mstari huo usingesomwa na mtu. Ni wajibu kujiuliza ni mistari mingapi mingine iliyo katika rejista ile ile.

Wapo pia walio nje ya rejista kabisa. Jak Katarikawe, mchoraji wa Uganda aliyefahamika sana kwa ng'ombe wake wa rangi za ndoto, alikuwa dereva, na alifunzwa na Ntiro bila kupita njia ya kawaida ya mwanafunzi wa chuo. Mafunzo yake yalikuwa ya kweli na yalifanyika kwa mwalimu wa shule ile, lakini ofisi ya usajili haikuwa na sababu ya kumwandika. Orodha yoyote tutakayoitengeneza inabidi iwe na nafasi ya watu wa namna hiyo, la sivyo itarithi upofu wa ofisi iliyotoka.

Jinsi kumbukumbu zilivyotawanyika

Mara nyingi utawanyikaji huu husimuliwa kana kwamba ulitokea kwa pigo moja, yaani utawala wa Idi Amin. Ni kweli kwamba baada ya mwaka 1971 shule ilipoteza watu kwa haraka. Todd aliondoka, Jonathan Kingdon aliyekuwa akifundisha pale naye akaondoka, vifaa vikaadimika, na wasanii wakatafuta usalama nje. Theresa Musoke, aliyechora mchoro mkubwa wa ukutani kuhusu kuzaliwa katika bweni la wanawake la Mary Stuart, aliishi na kufanya kazi Kenya kwa miaka mingi. Msanii anapohama, wasifu wake unahamia katika mafaili ya majumba ya sanaa ya mji wa pili. Ndiyo maana Nairobi, kupitia Paa ya Paa na Gallery Watatu, iliweka kumbukumbu za wasanii wa Kampala katika miaka ambayo Kampala yenyewe haikuweza.

Hata hivyo sababu kubwa zaidi ilianza kabla ya Amin na haina sura ya mtu. Ni mabadiliko ya chuo chenyewe. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki chenye uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 ikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka 1970 ikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Na katika miaka ya karibuni shule ya sanaa, inayoitwa kwa jina la Margaret Trowell, imewekwa ndani ya chuo kishiriki cha uhandisi, usanifu, sanaa na teknolojia. Kila badiliko lilihamisha mamlaka ya nani anatunza rejista, nani anaweka matokeo ya mitihani, na barua za uteuzi wa walimu zinapelekwa ofisi ipi. Wakati wa uhusiano na London, mambo mengi yaliamuliwa kwa barua, na barua ya kiofisi ina pande mbili: nakala inabaki kwa mwandikaji, ya asili inakwenda kwa mpokeaji. Kwa hiyo panapokosekana jibu Kampala, swali linaweza kuulizwa London bila aibu yoyote, kwa kuwa ni haki ya barua kuwa na sehemu mbili.

Kanuni ya kwanza ya mtunza nyaraka ni kwamba karatasi zibaki pamoja na karatasi zilizozaliwa nazo, kwa mpangilio wa ofisi iliyozitumia. Mafaili ya shule ya sanaa yakichambuliwa leo na mtu asiyejua mfuatano huo wa mabadiliko, atajaribiwa kuyapanga kwa majina ya wasanii mashuhuri: bahasha ya Ntiro, bahasha ya Maloba, bahasha ya Elimo Njau. Ataona amefanya jambo jema. Kumbe atakuwa amefuta ushahidi wa jinsi shule ilivyofanya kazi, kwa sababu orodha ya vifaa vya mwaka fulani, iliyobanwa pamoja na majina ya darasa zima, hutuonyesha nani alisoma na nani, nani alipewa udongo wa kufinyanga na nani alipewa rangi. Mashuhuri atapatikana hata ndani ya mpangilio wa zamani. Asiye mashuhuri hapatikani mahali pengine popote.

Moto nao umefanya sehemu yake. Paa ya Paa, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1965 na ambayo kwa muda mrefu imeongozwa na Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu na mwanafunzi wa Makerere wa miaka ya 1950, iliungua mwaka 1997, zikateketea kazi nyingi za sanaa na maktaba. Huko ndiko zilikotunzwa karatasi na kazi za kizazi ambacho Makerere ilikizaa na Nairobi ikakilea. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 jengo kuu la Makerere, lililojengwa mwaka 1941 na lililokuwa na ofisi za utawala na za fedha, liliungua paa na sehemu kubwa ya ndani; lilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2024. Mioto hiyo miwili ilitokea katika miji miwili, na kila mmoja unaonyesha hatari ya kuwa na nakala moja tu ya jambo. Kwa hali ya hewa ya Kampala, ambako unyevu na mchwa vimekuwa vikila karatasi duni za miaka ya vita polepole bila moshi, ningesema hatari hiyo ipo kila siku hata pasipo moto.

Upande wa kazi zilizo mbali una afueni yake. Katika miaka ya 2010 makumbusho ya Weltkulturen ya Frankfurt, yenye kazi za wasanii wa Makerere, yalishirikiana na Makerere na Iwalewahaus, kituo cha sanaa ya Afrika cha Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, kuzichunguza upya kwa pamoja, na ushirikiano wa aina hiyo ni mwema pale unapowaweka watafiti wa Kampala mezani kama wenye mada. Harmon Foundation ilifungwa mwaka 1967; karatasi zake ziko Maktaba ya Bunge la Marekani, na kazi za wasanii wa Afrika ilizokusanya zilifika katika vyuo vikuu vya Fisk na Hampton, ambavyo kwa asili ni vyuo vya Wamarekani weusi. Nyaraka hizo zimetunzwa vizuri na zinasomeka. Lakini ukweli kwamba mwaka 1966 orodha pana ya wasanii wa Afrika iliandaliwa New York, wakati ambapo Kampala ilikuwa na shule, jumba la sanaa la Nommo lililofunguliwa mwaka 1964, na hata jarida lake la sanaa lililoitwa Roho mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960, ni jambo linalonisikitisha. Uwezo wa kuitengeneza ulikuwapo nyumbani.

Orodha ingefanana vipi

Ninapendekeza orodha ya majina itangulie kwa sababu ni kazi ndogo kwa gharama na kubwa kwa faida. Kupiga picha elfu moja za michoro kunahitaji mashine, taa, mtu aliyefunzwa na hifadhi ya kidijitali inayolipiwa kila mwaka. Kunakili rejista kunahitaji watu wawili makini, kompyuta ya kawaida, na idhini ya ofisi ya usajili. Kila mtu apewe namba moja isiyobadilika. Chini ya namba hiyo yaandikwe majina yake yote jinsi yanavyoonekana katika kila hati, mwaka wa kuingia na wa kutoka, mahali alikotoka, walimu waliomfundisha, na kazi aliyoifanya baadaye kama inajulikana. Kila taarifa iambatane na mahali ilipopatikana. Jina lililo nyuma ya mchoro Uskoti na jina lililo katika rejista Kampala yakiunganishwa chini ya namba moja, mtafiti wa tatu hatahitaji kuanza upya.

Mahali pa kuiweka pasiwe pamoja. Sheria ya Nyaraka na Hifadhi ya Taifa ya Uganda ipo tangu mwaka 2001, na hifadhi ya taifa ilihamishwa kutoka Entebbe ikapata jengo Kampala, Wandegeya, ambapo ni jirani kabisa na chuo. Nakala moja ingekaa hapo, nyingine Makerere, na nyingine Nairobi na Dar es Salaam, kwa kuwa wanaohusika walitoka huko na wengi wao walirudi huko.

Kuna mambo mawili ambayo mtu mwenye nia njema anaweza kuyaharibu. La kwanza ni faragha. Rejista ya mwanafunzi ina alama za mitihani, adhabu, na pengine habari za afya au za ada, na Uganda ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu mwaka 2019. Mzee aliyefeli somo la anatomia mwaka 1963 hana sababu ya kusomwa na wajukuu wake kwenye intaneti. Alama zibaki katika hati ya asili, chini ya masharti ya chuo; orodha ya wazi ichukue jina, mwaka na fani.

La pili ni hakimiliki, nalo ndilo linalokwamisha miradi mingi ya picha. Katika Uganda, Kenya na Tanzania hakimiliki ya kazi ya sanaa hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Kazi za Ntiro, aliyefariki 1993, zitaendelea kuwa chini ya warithi wake hadi mwaka 2043. Za Maloba, aliyefariki 2007, hadi 2057. Za Karuga hadi 2071. Kununua mchoro hakumpi mnunuzi haki ya kuuchapisha, na hilo linayahusu majumba ya ng'ambo sawasawa na wenye magari wanaouza nakala mitaani. Miradi inayoanza kwa kupiga picha hujikuta ikisubiri saini za warithi ambao haijui waliko, kwa sababu haikuwahi kuandika nani ni nani. Mradi unaoanza kwa majina hauna kizuizi hicho, maana jina, mwaka na mahali si kazi ya sanaa na havina hakimiliki. Na katika kuwatafuta watu ili kuthibitisha mwaka wa kuingia shuleni, warithi hupatikana, na ruhusa za picha huombwa kwa watu waliokwisha kuelewa ni kwa nini wanaombwa.

Yabaki yale yasiyoingia katika sanduku lolote. Mnara wa uhuru wa Kampala, sanamu ya Maloba ya mwaka 1962 ya mama aliyefungwa vitambaa akimwinua mtoto juu, umesimama nje, mvuani. Michoro ya Njau ya mwaka 1959 iko kwenye kuta za kanisa la Mtakatifu James na Mashahidi Wote, Murang'a, ikionyesha maisha ya Yesu katika mandhari ya Kenya. Sanamu ya Francis Nnaggenda ya majeruhi wa vita imo ndani ya maktaba kuu ya Makerere. Kazi hizi hazihamishiki, kwa hiyo orodha ionyeshe mahali zilipo, hali yake kila inapokaguliwa, na nani ana dhamana ya ukuta au ya uwanja ule. Kanisa likitaka kupaka rangi upya, au chuo kikitaka kubomoa sehemu ya bweni, aliyeshika ufunguo awe ameshaambiwa kilichomo kabla fundi hajafika.

Wanaoweza kuthibitisha majina ya miaka ya 1950 wamebaki wachache sana, na wale wa miaka ya 1960 wana umri wa miaka themanini hivi. Kila mmoja wao akipewa orodha ya darasa lake iliyochapwa kwa herufi kubwa, ataweza kusema yupi alitoka Zanzibar, yupi alibadili jina alipobatizwa au alipoolewa, yupi aliacha shule kwa kukosa ada, na mchoro usio na saini ulio stoo ni wa nani. Kazi hiyo ifanyike mwaka huu, kuanzia na waliozaliwa mapema zaidi.